Msitu Unaovaa Kabla ya Mvua

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na walimu wa jiografia tuna ugonjwa wetu: tukishachora mvua ubaoni tunadhani tumeipangia kazi. Mwaka juzi, mwezi wa tano, nilichora kalenda ya mlima wetu kwenye karatasi ya manila, miezi kumi na miwili kwa rangi nne za kalamu, nikaiviringisha na kusafiri nayo kwa basi kutoka Singida mjini mpaka Kiomboi, nimeikumbatia njia nzima isije ikakunjika. Kutoka Kiomboi nikapanda bodaboda hadi kijijini kwetu, chini ya mlima, upande unaoteremka kuelekea Shelui. Nilikuwa nakwenda kumwonyesha baba yangu mwezi unaofaa kupanda mlima ambao yeye ameupanda tangu hajaanza kuvaa suruali.

Baba ni mrina asali. Mizinga yake ni magogo yaliyochimbwa ndani, na ameitundika msituni huko juu, mwendo wa saa tatu kwa miguu yake na saa tano kwa miguu yangu. Ni mtu mfupi, mkimya, mbishi wa chini chini, yule ambaye ukimgombeza anainuka na kwenda kunoa panga. Mama husema mimi nimerithi ubishi nikaacha ukimya, na kwamba yeye amepewa adhabu mara mbili kwa kosa moja.

Haraka yangu yote ilitokana na macho yake.

Kwetu, mrina asali akisumbuliwa na macho, kila mtu anajua kilichomsibu kabla hajamaliza kueleza: ni moshi. Maisha yake yote amekuwa akiinamia mwenge wa majani makavu, akipuliza, akichungulia ndani ya mzinga. Kwa hiyo baba alipoanza kuona vibaya hakushtuka. Alisema ni moshi, warina wenzake wakasema ni moshi, wakampa dawa wanayoiamini wote, asali ya wale nyuki wadogo wasiouma, tone moja kila jicho asubuhi. Alijitia asali machoni karibu miaka miwili, na kila mwezi alisema anajisikia nafuu kidogo.

Mama ndiye aliyegundua. Siku moja walikuwa wanatoka kanisani, mzee mwenzake akamjia kwa upande wa kushoto na kumnyooshea mkono, baba akapita. Mkono ukabaki hewani. Kijijini kwetu kuacha mkono wa mtu hewani ni jambo la kuzungumzwa wiki nzima, na kweli lilizungumzwa, wakasema binti yake kawa mwalimu mjini basi mzee ameanza maringo. Jioni mama alimkalisha baba kwenye kigoda, akasimama ubavuni pake na kunyoosha vidole vitatu, akamuuliza ni vingapi. Baba akamuuliza vidole gani.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa macho. Daktari alikuwa mtu mpole, aliyezoea kutoa habari mbaya polepole. Alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula pembeni kwanza na kuja katikati mwisho. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebakiwa na tundu katikati. Matone yangeweza kuchelewesha tundu lile lisizibe, lakini kilichokwisha kupotea hakirudi. Nilipomuuliza lina muda gani, alisema huenda mwaka, huenda chini ya mwaka, hakuna anayeweza kusema. Alikunja ngumi yake kama bomba, akaiweka jichoni, akaniambia baba yako anaona hivi.

Kwenye basi la kurudi nilitoa daftari, nikaliviringisha, nikachungulia kwalo. Nilimwona kondakta mdomo tu. Niliona alizeti moja, halafu nyingine, shamba lenyewe sikuliona. Nilichungulia hivyo mpaka mama mmoja aliyekaa jirani akamhamishia mtoto wake upande wa pili. Baba alikuwa amelala begani kwangu, na mimi nililia bila kutoa sauti kwa sababu basi lilikuwa limejaa.

Jioni ile ile, tukila ugali wa mtama na mlenda, baba alinawa mikono akasema, "Nataka kupanda mlimani."

"Kufanya nini?" mama akauliza.

"Kuuona msitu."

Mama akanitazama, nami nikamtazama mama. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa. Mtu anataka kuuaga msitu wake macho yakiwa bado yapo. Nikajiapia moyoni kwamba nitampeleka, na nitampeleka katika mwezi ulio bora kuliko yote, na hapo ndipo ilipozaliwa ile karatasi ya manila.

Nilipofika nayo kijijini, niliitandaza mezani nikaweka vikombe kwenye pembe zake. Baba akaisogelea, akaanza kuisoma kwa kuzungusha kichwa, kipande kwa kipande. Nikamweleza kama ninavyowaeleza kidato cha pili. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa nne ni mvua: mawe yanateleza, vijito vimejaa, ukungu unafunika kila kitu, na nyasi zimesimama kumzidi mtu, huoni nyoka. Mwezi wa tano ardhi bado imelowa. Mwezi wa nane na wa tisa ni upepo, vumbi na moto. Mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndio mbaya kuliko yote, jua halina adabu, vijito vimekauka, mtu wa umri wako anaanguka njiani. Kwa hiyo, nikasema, nikigonga karatasi kwa kalamu, mwezi wa saba. Baridi, njia kavu, anga safi, na shule zimefungwa.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huo mwezi wa saba, msitu unakuwa unafanya nini?"

"Haufanyi kitu, baba. Ni kiangazi. Umepumzika."

"Sasa unanipeleka kumtembelea mtu aliyelala?"

Mama akacheka mpaka kikombe kimoja kikahama kwenye pembe yake na karatasi ikajiviringisha yenyewe. Nikakasirika. Nikamuuliza yeye anataka mwezi gani. Akasema atangoja miti ivae.

Hivyo ndivyo wasemavyo warina wa kwetu: hawasemi miti imechipua, wanasema imevaa. Nikamuuliza itavaa lini. Akasema mwezi wa kumi, au mwishoni mwa mwezi wa tisa, yenyewe itajua.

"Mvua ikinyesha?"

"Kabla ya mvua."

"Baba, miti haichipui kabla ya mvua. Itachipua kwa maji gani?"

Alinitazama kwa lile tundu lake, kwa huruma, kama mimi ndiye niliyetoka kwa daktari. Halafu akainuka kwenda kunoa panga.

Lazima nikiri hapa kitu kinachoniaibisha. Nimezaliwa chini ya mlima ule na sikuwahi kuupanda mwezi wa kumi. Utotoni tulipelekwa wakati wa kurina, baada ya mvua kuisha, kubeba ndoo. Mwezi wa kumi tulikuwa shuleni. Na kutoka kijijini msitu hauonekani, unaona mgongo wa mawe tu na vichaka vyake vikavu. Msitu umejificha nyuma ya mgongo ule, kwenye bonde la juu. Nilikuwa na shahada ya jiografia na sikujua nyuma ya nyumba yetu kuna nini.

Nilibishana naye wiki nzima. Nilimwambia macho hayangoji miti. Nilimwambia, na hili nalijutia, kwamba akichelewa atapanda kwenda kuangalia giza. Mama aliniita jikoni akaniambia ninyamaze, yule ni baba yangu, si mwanafunzi wangu. Nikanyamaza, nikarudi Singida na hasira zangu na karatasi yangu.

Miezi iliyofuata niliishi na mbio mbili kichwani. Huku miti ikijivuta kwenda kuvaa, huku tundu likijivuta kwenda kuziba. Kila jioni nilimpigia mama simu. Kwanza nilimuuliza kama baba ametia matone, kisha nikauliza ameona nini leo. Mwezi wa saba, ule mwezi wangu mzuri, ulikuja na baridi yake na anga safi, ukapita bure, nikauchukia. Mwezi wa nane mama akasema baba amegonga mlango ambao amepita miaka arobaini. Mwezi wa tisa akasema anamwaga chai nje ya kikombe, na kwamba akitaka kumwona mbuzi lazima amtafute kwanza kwa kichwa, juu, chini, pembeni, mpaka ampate. Nikauliza miti je? Mama akasema bado.

Siku moja mwanzoni mwa mwezi wa kumi, wakati wa mapumziko ya saa nne, simu ikalia. Alikuwa mama. "Baba yako anasema uje."

Niliomba ruhusa ya siku mbili. Nilifika nyumbani jioni, nikiwa nimeoga vizuri, nimepaka mafuta yangu ya maua, nywele zimelainishwa, nimejipendezesha kwa ajili ya safari ya maisha. Baba alikuwa amekaa barazani. Nikapiga goti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Akavuta pumzi. "Umekuja na duka zima?"

Nikagutuka. Nilikuwa nimesahau sheria ya kwanza kabisa ya warina, niliyoijua kabla ya kujua kusoma. Siku tatu kabla ya kwenda kwa nyuki, mtu anaacha sabuni ya kunukia, anaacha mafuta, anaacha manukato, anaoga maji matupu. Nyuki hawapendi harufu ya dukani. Wakimjia mtu mwenye harufu ile hawamuumi yeye peke yake, wanauma msafara mzima.

"Basi nitaoga sasa hivi," nikasema.

"Siku tatu."

"Baba, nina siku mbili!"

"Basi nenda, urudi mwakani."

Nililia kwa hasira. Siku tatu za jicho lile, na nimezipoteza mimi kwa kopo la mafuta. Niliwapigia shule simu nikaomba ruhusa iongezwe, nikaoga maji matupu asubuhi na jioni, nikajisugua kwa majivu kichwani mama akinimiminia na kunicheka, na kila saa nilikuwa nikitazama juu kuona kama kuna wingu. Hapakuwa na wingu. Joto lilikuwa limelala juu ya bati kiasi kwamba kuku walikaa midomo wazi. Siku ya tatu jioni baba akaninusa tena, akasema sasa nanukia kama mtu.

Tuliondoka alfajiri, yeye, mimi, na dumu la maji. Mama alibaki. Alisema magoti yake yalishauona msitu. Baba alitangulia na fimbo, akigeuza kichwa huku na huku kulilisha lile tundu njia. Nilikwenda nyuma yake mikono ikiwa tayari kumdaka. Mara mbili alijikwaa, na mara mbili alinikemea kabla sijamgusa.

Mlima ulikuwa umekauka kabisa. Moto ulikuwa umepita mwezi mmoja nyuma, ardhi ilikuwa nyeusi na majivu yalipanda mpaka magotini. Kijito cha kwanza kilikuwa mchanga, cha pili kilikuwa mawe. Tangu mwezi wa tano lilikuwa halijaanguka hata tone. Kila hatua ilikuwa inanithibitishia karatasi yangu ya manila, na nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumfariji baba tutakapofika na kukuta vijiti.

Jua lilikuwa limeshapanda tulipofika juu ya mgongo wa mawe. Baba alisimama. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa natafuta pumzi. Kabla sijaona chochote nilisikia. Ilikuwa sauti moja, nzito, haina mwanzo wala mwisho, inatoka pande zote, nami nikadhani ni lori linapanda huko chini kutoka Shelui. Nikainua kichwa.

Msitu ulikuwa mwekundu.

Sijui niandikeje. Bonde zima, tangu miguuni petu mpaka ukuta wa pili wa mlima, lilikuwa limejaa miombo, na kila mti ulikuwa na majani mapya, laini, yenye unyevu, na hapakuwa na jani hata moja la kijani. Mingine ilikuwa na rangi ya damu, mingine ya shaba, mingine ya zambarau inayoiva, mingine waridi kabisa, na jua la asubuhi lilikuwa linapita ndani ya majani yale ikawa kama msitu umewashiwa taa kwa ndani. Katikati yake ilisimama mininga isiyo na jani, imejaa maua ya manjano tu. Chini ya yote hayo ardhi ilikuwa nyeusi tii, majivu matupu. Na ile sauti haikuwa ya lori. Ilikuwa ya nyuki. Miombo ilikuwa imetoa maua pamoja na majani, maua madogo hata huyaoni, na nyuki walikuwa wamekuja kwa wingi ambao siwezi kuuhesabu. Harufu yake ilinikamata kooni.

Naijua sababu. Najua kwamba miombo ina mizizi mirefu, kwamba huweka maji na kuyangoja, kwamba wekundu ule hulinda majani machanga na jua. Ningeweza kuichora ubaoni siku ile ile. Lakini nilipiga magoti kwenye majivu na kusema jina la Mungu, mara kadhaa, mpaka nikaona haya. Miezi mitano bila tone, na miti imevaa. Haikungoja kuona wingu.

Baba alikaa juu ya jiwe. Akaanza kuangalia. Niliwahi kumwona mtu akisoma barua ya kifo polepole, neno kwa neno, kuhakikisha hajakosea. Baba aliangalia namna hiyo. Alianza na mti wa kushoto kabisa, juu, akashuka nao mpaka chini, akahamia wa pili. Kila mti ulipata zamu yake katika tundu lile. Nilikaa karibu naye, nikawa namtazama yeye na kuutazama msitu kwa zamu. Huko chini kabisa, mbali, barabara kuu ilionekana kama uzi na malori yalikuwa yanapanda kwa shida, na nilimwonea huruma kila dereva aliyepita pale bila kujua. Baba alimaliza bonde zima jua likiwa karibu na utosi. Uso wake ulikuwa umelowa, sijui kwa jasho au kwa nini.

"Nimeshiba," akasema.

Tukanywa maji. Kisha akafungua kitambaa chake cha shingoni, akakikunja mara mbili, akajifunga machoni. Akavuta fundo nyuma ya kichwa, kwa nguvu.

"Baba, unafanya nini?"

"Nafunga macho."

Nililipuka. Nilimwambia miezi mitano nimehesabu matone yake. Nimelia kwenye basi. Nimesugua kichwa na majivu. Macho yenyewe yamebaki kijitundu, na leo, mahali hapa, mbele ya kitu hiki, anayafunga? Nyuki walikuwa juu yetu na mimi napiga kelele kama sijalelewa na mrina.

Alingoja nimalize. "Nimeangalia asubuhi nzima. Sasa nataka kujifunza kurudi."

"Kurudi wapi? Njia ni hii hii."

"Kurudi mwakani. Na mwaka unaofuata." Aligeuza uso kunitafuta, na kitambaa kile. "Kumbe wewe ulidhani nimekuja kuaga?"

Ndivyo nilivyodhani tangu ile jioni ya mlenda, na nilikuwa nimemlilia mtu ambaye hakuwa anakwenda popote.

"Mwezi wako wa saba ulikuwa mzuri," akaendelea, taratibu, kama anambembeleza mtoto aliyefeli. "Ningeona mbali zaidi, kweli. Lakini mwezi wa saba miti yote inanuka vumbi. Nyuki wamenyamaza. Ningejifunzia nini? Mwezi huu msitu unaongea. Nikiujua sasa, hata macho yakiondoka nitakuja."

Akachukua fimbo, akatangulia.

Nilimfuata kwa karibu. Alikwenda polepole, kichwa kimeinuka. Alisimama, akavuta pumzi, akasema mninga huo, uko mkono wa kushoto, na kweli ulikuwa kushoto, umejaa manjano. Alisogea, akasikiliza, akasema mzinga wa babu yako huo, nyuki wake wana sauti nzito. Nami nikasikia, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, kwamba sauti ile niliyoiona moja haikuwa moja. Kulikuwa na nyuki wa maua, walio juu na wepesi, na kulikuwa na nyuki wa mizinga, walio chini, kila mzinga na uzito wake. Aliligusa jiwe lililokuwa linatoa joto, akasema hapa tunakata kulia, jua libaki shavu hili. Alipoacha harufu ya maua na kuingia harufu ya majivu alijua ametoka kwenye bonde.

Alikosea pia. Kulikuwa na gogo lililoanguka njiani mwaka ule, hakuwa analijua, akaligonga kwa ugoko na kwenda chini mzima mzima. Nilipiga kelele. Yeye alikaa pale kwenye majivu akisugua mguu, kisha akacheka, akaomba nimrudishe nyuma hatua kumi. Nikamrudisha. Akaanza upya, akalikuta gogo kwa fimbo, akalipapasa lote kutoka mwanzo hadi mwisho, akalivuka. "Na hili nimelijua," akasema.

Alikivua kitambaa tulipoliona bati la nyumbani. Mama alikuwa mlangoni. Akamtazama mguu unaovuja damu, akanitazama mimi nilivyochafuka, akauliza kama msitu ulikuwepo. Baba akasema ulikuwepo, umevaa.

Tundu liliziba mwezi wa nne mwaka uliofuata. Halikuziba kwa siku moja. Mama alisema asubuhi moja baba alimuuliza mbona hawafungui mlango, na mlango ulikuwa wazi. Nilikwenda, nikakaa naye wiki nzima. Alikuwa mnyonge, alikula kidogo, aligombana na kigoda. Hakutaja mlima hata mara moja, nami sikuutaja. Miezi ilivyozidi kwenda nikaamua moyoni kwamba siku ile ya kitambaa ilikuwa ujasiri wa mtu ambaye bado anaona, na kwamba kumkumbusha kungekuwa ukatili. Niliiviringisha karatasi ya manila nikaisukuma nyuma ya kabati la ofisi. Mwezi wa tisa mkuu wa shule aliponiuliza kama nitaomba tena zile ruhusa zangu za mwezi wa kumi, nilisema hapana, mwaka huu sina safari.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi, mwaka jana. Nilikuwa nasahihisha madaftari ofisini, majira na mvua, kidato cha pili. Simu ikalia. Ilikuwa namba ya mama, lakini sauti ilikuwa ya baba, na baba hapendi simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hujambo? Shule hawajambo?"

"Hatujambo. Kuna nini? Mama mzima?"

"Mzima. Sikiliza. Kuanzia leo acha sabuni."

Niliweka kalamu chini. Mwalimu wa meza ya pili akaniuliza kama nimepata msiba, nikamtikisia kichwa.

"Baba, nani kakwambia miti imevaa? Kuna mtu amepanda?"

"Hakuna aliyepanda. Jana nyuki walipita juu ya bati, kundi kubwa, wanakwenda juu. Leo wamepita tena. Unataka barua?" Kisha akaongeza, "Na lile gogo, usinionyeshe. Najua liko wapi."

Nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaomba siku tano. Jioni ile nilioga maji matupu, nikalia humo humo bafuni, kwa furaha, na sabuni yangu ya maua nikampa jirani.